Taja Jina la Boti, Herufi kwa Herufi

Mimi ni mtu wa kusahihisha. Nilianza nikiwa mdogo, na kazi ikanizidishia. Nina saiba mjini Kitale, kompyuta tatu na printa moja yenye hasira kama zangu, na kutwa nzima nachapa barua za watu na kuwajazia fomu za serikali mtandaoni. Mtu akiniletea barua ya kuomba kazi iliyoandikwa "nitafulahi sana", naibadilisha kabla hajavuta kiti. Singoji kuombwa. Wengi wa wateja hao wanatoka upande wa kwetu, Bungoma, na sisi watu wa Bungoma tunajulikana Kenya nzima: r na l kwetu hubadilishana viti zinavyotaka. Tunapiga kula na kukura ugari. Mimi nilitolewa tabia hiyo kwa kiboko nikiwa darasa la tano, na tangu hapo nimejifanya daktari wa wenzangu. Mama yangu, anayeishi kwenye boma letu kule Bokoli, nimemsahihisha mpaka akachoka kunikasirikia.

Nayasema haya mapema ili ijulikane ni mtu wa namna gani aliyefanya kosa hili.

Mdogo wangu ni fundi wa umeme wa jua. Alianza kwa kufunga paneli kwenye mabati ya watu mjini Bungoma, kisha akaifuata kazi mpaka Pwani, kwenye yadi moja ambako boti za matanga hupandishwa nchi kavu zikapigwa rangi na kurekebishwa. Wenye boti hizo ni watu waliouza nyumba kwao wakahamia majini. Wanaishi humo, wanapika humo, wanahama kutoka nchi hadi nchi, na kila walipo wanahitaji fundi wa nyaya. Basi kijana wa Bokoli, aliyejifunzia kuogelea kwenye mto unaomfika mtu kifuani, akawa ndiye wa kuwafungia redio na ramani za skrini.

Alipenda vifaa vile kupita kiasi. Alikuwa akinipigia jioni kunieleza, nami nilisikiliza huku nikikata karatasi. Kuna skrini inayoonyesha meli zote zilizo karibu, jina la kila moja na inakoelekea, ili msigongane gizani. Kuna redio, na mkondo wa kumi na sita ambao kila chombo baharini lazima kiusikilize. Kuna kidude cha setelaiti kinachotuma ujumbe mfupi na kuweka nukta kwenye ramani, hata mahali ambapo mtandao haujawahi kusikika. Na kuna kifaa cha dharura, cha manjano, kimo cha chupa ya chai, ambacho yeye alikiita bikoni. Boti ikizama, bikoni inaamka na kuipigia setelaiti kelele. Setelaiti inaiambia ofisi ya uokoaji. Ofisi inafungua rejista kuangalia bikoni hii ni ya nani, kisha inapigia simu jamaa walioandikwa humo.

"Kwa nini wapige simu badala ya kwenda?" nilimuuliza.

"Kwa sababu nyingi huwa ni za uongo, dada. Mtu anaosha boti, anaigusa, inalia. Sasa wanauliza kwanza: hii boti kweli iko baharini? Watu wangapi? Rangi gani? Ukijibu, kazi yao inakuwa rahisi."

Nilimwambia ni mpango mzuri. Wiki mbili baadaye akanipigia kusema mimi ndiye niliyeandikwa.

Kulikuwa na wazee wawili, mume na mke, aliokuwa amewafungia kila kitu kwenye boti yao, na walikuwa wakijiandaa kwenda Komoro. Safari ya siku kama saba upepo ukikubali. Walimwomba aandamane nao kama mtu wa tatu, awasaidie zamu, kisha arudi kwa ndege. Jamaa yao aliyekuwa ameandikwa kwenye rejista ya bikoni alikuwa amezeeka hata simu hasikii ikilia. Kwa hiyo mdogo wangu, ambaye ndiye aliyekuwa akiwajazia fomu, akaweka namba yangu ya kwanza na ya mama ya pili.

"Wewe hukai mbali na simu," alisema. "Nimewaambia hivyo."

Nilijivuna. Sitaficha.

Lakini kulikuwa na tatizo la mama. Mwaka uliotangulia alikuwa amepigiwa simu na sauti ya upole ikimwambia mtoto wake amegongwa na gari, yuko hospitali, chumba cha upasuaji kiko tayari, kinachongojewa ni hela tu. Mama alifika mpaka kwenye kibanda cha kutuma pesa, leso mkononi, machozi yakimtoka. Jirani ndiye aliyemshika mkono. Mtoto aliyesemwa kugongwa ni mimi, na wakati huo nilikuwa Kitale nikigombana na printa. Baada ya hapo nilimfundisha mama kama askari. Namba usiyoijua, kata. Akisema mtoto, kata. Akilia, kata haraka zaidi.

Sasa nilihitaji kumtengenezea mlango mmoja wa kupitisha simu ya kweli, na nikabuni wazo ambalo niliona ni la akili nyingi. Mtu yeyote atakayepiga kuhusu kijana wetu aulizwe jina la boti. Na alitaje herufi kwa herufi, maana wakora ni hodari wa kubahatisha maneno.

Nikampigia mdogo wangu kumuuliza jina. Alikuwa kazini, mashine ya kusugua chuma ikinguruma nyuma yake.

"Rovela," akasema.

"Maana yake nini?"

"Hakuna maana. Wamejitungia wenyewe. Rovela."

Hapo sasa ndipo daktari alipoamka. Nilikuwa nimemsikia kijana huyu tangu utotoni akisema "lafiki" na "mwarimu wa shule". Kwa hiyo nikageuza. Palipo r nikaweka l, palipo l nikaweka r, nikapata Lovera. Nikaiangalia. Nikaona ndani yake lile neno la Kiingereza la mapenzi, love, nikakumbuka ni boti ya wazee wawili wanaopendana, nikatabasamu peke yangu. Bila shaka ni Lovera. Haikunijia kwamba miaka sita ya Pwani ilikuwa imemnyoosha ulimi, na kwamba safari hii alikuwa amelitamka jina kama lilivyo. Kumuuliza mara ya pili kungenichukua sekunde tatu.

Nilichapa kwa herufi kubwa: MTU AKIPIGA KUHUSU KIJANA, AULIZWE JINA LA BOTI. HERUFI KWA HERUFI. L-O-V-E-R-A. AKIKOSEA HATA MOJA, KATA. Nikaifanyia lamination ya plastiki, kwa kuwa jikoni kwa mama kuna moshi. Jumapili nikaipeleka Bokoli, nikaigongomelea ukutani kando ya kalenda ya kanisa, nikamfanyisha mama mazoezi. Mimi nikawa mkora, yeye akawa yeye. Alinikata mara nne, na kila mara akicheka.

Wakaondoka. Mdogo wangu alinitumia anwani ya ukurasa wenye ramani. Haukuwa na jina la boti, ulikuwa na namba ya kidude na nukta nyekundu. Kila baada ya saa nne nukta mpya ilitokea chini ya ile ya zamani. Angetuma pia maneno machache. "Wazima wote. Nimetapika mara mbili." "Leo nimeshika usukani peke yangu." "Mzee anapika vizuri kuliko mkewe, usimwambie mtu."

Sikujua kungoja nukta ni kazi. Nukta ikija saa nne asubuhi, saa nne na dakika tano nilikuwa tayari naitaka ya saa nane. Nilifungua ule ukurasa nikiwa na mteja, nikiwa kwenye foleni ya benki, nikiwa nasonga ugali. Nilinunua daftari nikawa naandika kila nukta ilipo, digrii na dakika zake, kana kwamba nisipoandika itafutika. Nilianza kusoma utabiri wa upepo wa bahari ambayo sijawahi hata kutia mguu, mimi niliye Kitale ambako cha kuangaliwa ni kama mvua itawahi mahindi. Mzee mmoja wa Kiminini alikuja nimchapie mkataba wa kukodisha shamba. Akausoma pole pole kwa kidole, akasimama.

"Hapa umeandika upande wa mashariki shamba linapakana na bahari."

"Barabara," nikasema.

"Si mimi najua ni barabara. Wewe ndiye umeandika bahari, bana."

Nilimchapia upya. Ilikuwa mara ya kwanza mteja kunisahihisha, na nilikasirika mpaka mchana.

Usiku sikulala vizuri. Niliota namimina maji kwenye debe na debe halijai. Siku ya nne nilimkaripia mteja kwa sababu ya kupumua karibu na skrini yangu. Nilikuwa na hofu, na hofu yangu huwa haikai mahali pamoja. Inatembea, inapanga vitu, inagombana.

Jioni ya siku hiyo stima ilipotea Kitale yote, mji ukawa giza. Sikujali sana, nilikuwa na betri ya akiba. Lakini nilivyozoea kufungua ukurasa ule kila dakika chache, kufika alfajiri betri ya akiba ilikuwa imekwisha na simu ilikuwa inalilia chaji. Saa kumi na mbili ilikuwa saa ya nukta. Haikuja. Nikasema ni mtandao. Saa moja, haijaja. Nikaendelea kufungua na kufunga, kufungua na kufunga, na saa mbili kasoro simu ikazima mkononi mwangu. Niliimaliza mwenyewe, kwa kuangalia.

Kama ningekaa tu pale na kuazima chaji kwa jirani, mambo yangekuwa mengine. Lakini mimi sikai. Nilifunga saiba nikaamua kwenda Bokoli, kwa sababu mama ana paneli ya sola aliyofungiwa na mdogo wangu, na pale kuna umeme hata nchi yote ikizimika. Kiminini nilishuka, nikakuta duka lenye jenereta na foleni ya watu wenye simu mkononi. Nikapanga foleni. Baada ya nusu saa nikaona haisogei, nikatoka nikaendelea na safari. Nusu saa hiyo naikumbuka mpaka leo, nilivyokuwa nimesimama pale nikisoma bei za mbolea ukutani.

Matatu zilingoja abiria kila kituo, nikafika nyumbani saa saba hivi. Mama alikuwa kwenye kivuli cha jikoni akichagua maharagwe kwenye ungo. Aliponiona uso wake ulijaa furaha, na nikajua ana habari anayotaka kuitoa.

"Umekuja saa mzuri! Leo nimefukuza mkola."

"Mkora gani?"

"Wa simu, bana. Asubuhi, nikitoka kukamua. Anaongea Kiswahili tamu ya huko chini, ati, 'Mama, nakuomba usikate simu, napiga kuhusu usalama wa mwanao.' Nikamwambia ngoja kwanza. Nikatafuta miwani. Nikakuja kwa kalatasi yetu. Nikasema, taja jina ya boti, helufi kwa helufi."

Nilikaa kwenye kigoda.

"Akasema nini?"

"Akaanza na ar!" Mama alipiga goti lake kofi. "Ar! Na kwa kalatasi hapa ni el. Hata kuanza ameshindwa. Nikakata."

"Mama. Alisema ar, halafu?"

"Ar, o, vii, sikungoja amalize. Akapiga tena, ati 'Mama, ni Rovela, Rovela, tafadhari nisikirize.' Nikamwambia kijana yangu hayuko kwa Rovela yako, tafuta kazi. Akapiga mara ya tatu nikazima hiyo simu kabisa. Si ndio ulinifundisha?"

Alikuwa ananitazama akingoja sifa. Nilimwambia, "Ndiyo, mama. Umefanya vizuri." Sijui sauti hiyo niliitoa wapi. Kisha nikasema naiomba simu yake nimpigie mteja, yangu imezima.

Nilienda nyuma ya zizi nikaiwasha. Namba ya yule mtu ilikuwa pale, mara tatu, asubuhi saa mbili na kitu. Mkora wa kubahatisha hawezi kujua r, o, v. Hakuna mkora duniani anayejua neno ambalo wazee wawili wamejitungia wenyewe. Mimi ndiye niliyekosea, si kwa kutojua, kwa kujua sana. Nilipiga. Simu ilishikwa kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Samahani," nikasema, "mimi ni dada ya..." na nikaanza kulia kama yule mkora wa mafunzo yetu.

Yule afisa alikuwa mtu mpole. Hakunikemea. "Dada, pumua. Nijibu haya tu. Boti hii, Rovela, iko safarini kweli?"

"Iko. Siku ya tano leo. Inaenda Komoro."

"Ina watu wangapi?"

"Watatu. Wazee wawili na ndugu yangu. Ni nyeupe, ina mstari wa buluu."

"Wana boti ndogo ya kujiokolea, ile ya kujaza upepo?"

"Wanayo, ya rangi ya machungwa. Na redio ya mkononi. Ndugu yangu ndiye aliyeichaji."

Nikamsomea pia kutoka kwenye daftari langu nukta ya mwisho, ya saa nane za usiku, na zile mbili zilizoitangulia. Alinifanya nirudie namba moja moja. Nilizirudia bila kusahihisha chochote, kama zilivyoandikwa. Nikamsikia akizungumza na mtu mwingine, kisha akarudi.

"Tumekuwa tukitangazia meli tangu asubuhi," alisema. "Lakini namba ya kwanza ilikuwa imezimwa, na tulikuwa hatuna wa kututhibitishia. Sasa tunayo meli moja tunaiomba igeuze. Simu hii isizimwe tena."

"Haitazimwa."

Mchana ule sikukaa chini. Nilifua nguo za mama ambazo zilikuwa safi. Nilifagia uwanja mara mbili. Nilienda mpaka barabarani nikarudi, nikaenda tena. Mama aliniuliza huyo mteja ni wa aina gani anayenisumbua hivyo, nikasema ni mtu wa mkataba. Kila nikipita jikoni niliiona ile karatasi inang'aa na plastiki yake, na mara ya nne niliing'oa pamoja na misumari yake, nikaifunga ndani ya leso. Nilikuwa namchukia aliyeiandika.

Saa kumi na moja afisa alipiga. Meli imewaona. Wako watatu, wote hai, mzee ameumia mguu.

Nilimwambia mama basi, kwa kuwa lazima angejua. Nilimwambia boti ilipata ajali lakini kijana ameokolewa, yuko kwenye meli kubwa, mzima. Alipiga magoti pale pale kwenye maharagwe yake, akaomba kwa Kibukusu chetu kwa muda mrefu, nami nikapiga magoti karibu naye. Alipomaliza akabaki chini, akifikiri.

"Lakini yule mkola," akasema. "Alijuaje leo kuna shida?"

Nilimtazama. Ana miaka sabini na kitu, mama yangu, na moyo wake si wa kubebeshwa vitu.

"Wanabahatisha tu, mama," nikasema. "Siku moja lazima wapatie."

Alitikisa kichwa, akasema dunia imeharibika.

Mdogo wangu alirudi baada ya wiki tatu. Nilienda kumpokea Bungoma mjini. Alikuwa amekonda, ngozi ya pua imebanduka, na alikuwa akiangalia watu stendi kana kwamba wote wanapiga kelele mno. Tulishuka njia panda ya nyumbani tukaamua kutembea kilichobaki, na hapo ndipo aliponieleza.

Waligonga kitu kabla ya mapambazuko. Labda kontena lililoanguka melini, ambalo huelea chini kidogo ya maji na hakuna skrini inayolionyesha. Usukani uling'oka na maji yakaingia kwa nyuma. Kidude cha nukta kilizama na boti. Walipokuwa wakiingia kwenye ile boti ya upepo, mguu wa mzee ulibanwa kati yake na boti kubwa, ukavunjika. Bikoni ilikuwa imefungwa kiunoni mwa mdogo wangu, taa yake ikiwaka na kuzima, kwa hiyo walijua inaita.

"Kama saa nne asubuhi meli ikatupita," alisema. "Karibu, dada. Niliona mpaka madirisha. Tukawasha fataki zote za dharura. Jua lilikuwa linawaka, hawakuona. Tukaita kwa redio, sijui walikuwa wanasikiliza nini. Ikaenda. Ndiyo hiyo hiyo ilirudi kutuchukua jioni."

Nilitangulia mbele kidogo asinione uso.

"Mzee ndiye aliyekuwa anakata tamaa. Mguu ulimuuma, akawa anasema hakuna anayekuja. Nikawa namwambia, dada yangu ameshashika simu. Dada yangu hakai mbali na simu. Kila akiuliza namwambia, saa hizi ameshawajibu, saa hizi wanageuza meli. Mpaka mkewe akawa anamwambia hivyo pia. 'Dada ameshajibu.' Walilishika neno hilo kama mtu anavyoshika kamba."

"Mguu wake ukoje?"

"Waliukata. Chini ya goti." Akapiga teke jiwe njiani. "Daktari alisema ulikaa muda mrefu."

Kuna mti wa mkaratusi umeanguka kando ya njia ile, watu huketi hapo kupumzika. Niliketi. Nikamwambia yote, kutoka siku ile alipotamka Rovela nami nikageuza, mpaka betri, mpaka foleni ya Kiminini, mpaka mama alivyokata simu mara tatu akiifuata karatasi niliyoichapa mimi. Sikujitetea. Nilipomaliza nilingoja anitukane, na ningeshukuru.

Alisimama akiangalia barabara. Watu wawili wenye baiskeli walitusalimia wakapita.

"Mama anajua?" akauliza.

"Hapana. Anafikiri alifukuza mkora."

Akatangulia, tukaendelea mpaka nyumbani.

Jumamosi mama alifanya maombi ya shukrani. Turubai likafungwa uwanjani, kwaya ya akina mama ikaja na sare zao, kuku wakachinjwa, majirani wakajaa. Mchungaji alihubiri habari ya maji na kuokolewa majini, akapita kidogo muda wake. Kisha mama akaombwa atoe ushuhuda. Alisimama na kitambaa chake cheupe kichwani, akashukuru, akasema mtoto alikuwa amekufa na amefufuka. Watu wakaitikia. Nikadhani amemaliza.

"Na mnajua shetani ni mjanja?" akasema. "Siku hiyo hiyo, mtoto yangu akiwa kwa maji, shetani alituma mkola anipigie simu!"

Watu wakaguna. Mama akapata nguvu. Akaigiza ile sauti tamu ya Pwani, mkono sikioni. Akaigiza alivyotafuta miwani. Akaigiza yule mtu akisema "ar", naye akimwambia tafuta kazi. Turubai zima likavunjika mbavu. Mchungaji alifuta machozi ya kicheko. "Mara tatu alipiga," mama akasema, "na mara tatu nikamkata! Nikasema, mtoto yangu hautamtumia kunikula, katika jina la Yesu!"

Mimi nilikuwa nimesimama na birika la chai mlangoni. Sikuweza kumwangalia mama, nikamwangalia mdogo wangu. Alikuwa ameketi safu ya mbele kama mgeni wa heshima, mikono kwenye mapaja, na uso wake haukuwa na kitu. Alikuwa akisikia kila simu ikikatwa, na akijua wakati huo yeye alikuwa wapi majini. Mama alikuwa amegeuka anamtazama yeye, si watu, akingoja.

Alisimama. Akaanza kupiga makofi, yeye wa kwanza, kwa nguvu, mikono juu ambapo mama angeiona. Wengine wakamfuata, kwaya ikapiga vigelegele, na mama akainamisha kichwa kwa haya na furaha. Nikaweka birika chini, nami nikapiga makofi mpaka viganja vikaniuma.